Dunia Iliyopasuka Mezani kwa Mama Rama

Pale Turwa, ukipita kisima na shamba la mihogo la Mzee Waitara, kuna baraza yenye cherehani. Mwenyewe anaitwa Mwanamvua, ila sisi sote tunamwita Mama Rama. Baba yake alikuja Tarime na biashara ya nguo kutoka Tanga, akaoa huku na kuzikwa huku. Kwa hiyo Mama Rama anaongea Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, lakini ukimkasirisha anakugombeza kwa Kikurya mpaka ukome. Ni mwembamba. Tepu ya kupimia anaivaa shingoni asubuhi na kuivua usiku, hata sokoni anakwenda nayo.

Mume alimwachia cherehani, koti la jeshi la wakati wa Mwingereza, na mtoto mmoja, Ramadhan, aliyekuwa utingo kwenye malori ya pamba.

Mimi nilianza kwenda kwake masika ya mwaka sabini na nane, nikiwa na mimba ya Rhobi wangu. Nilikuwa mgeni Turwa, nimeolewa kutoka Matongo, na nyumbani kwangu mchana kulikuwa kimya. Nikawa nakwenda kukaa barazani hata siku ambazo sikuwa na nguo ya kushonwa.

Nilikuwepo siku dunia ya Lulu ilipopasuka. Mama Rama alikuwa anapiga pasi blauzi ya Agustina, mke wa askari polisi. Pasi ya mkaa ilikuwa kali, kifungo cha lulu kikalia kwachu, vipande viwili. Agustina akavimba.

"Mama Rama, vifungo hivi vimetoka Nairobi! Sasa hivi nitavipata wapi na mpaka umefungwa?"

Mtu mwingine angeomba radhi. Mama Rama aliviokota vile vipande, akaviangalia, akasema, "Usinune, Agustina. Unajua kilichopasuka hapa? Hii ni dunia ya watu."

Akatoa kopo la vifungo. Akaweka kifungo kikubwa cheusi cha koti katikati ya meza. "Hili ni jua." Akakizungushia vingine vitano, vikubwa na vidogo, na vile vipande viwili akaviweka upande wa madirisha, mbali kidogo.

"Lulu ilikuwa dunia nzuri. Maji yake yalikuwa yanang'aa hata jua likizama, watu wake hawakuwahi kupanga foleni ya mafuta ya taa. Siku moja ikapasuka."

"Ilipasukaje?" Agustina akauliza, bado amenuna.

"Pasi ilikuwa ya moto sana."

Tukacheka, hata Agustina. Mama Rama akakaa kwenye cherehani, mguu ukaanza kwenda, na hadithi ikaanza kwenda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote baadaye. Mguu ukisimama, mdomo nao unasimama. Bobini ikiisha uzi, utasubiri ajaze ndipo ujue aliyekuwa anaanguka ameangukia wapi.

Alisema vipande vya Lulu vilitawanyika kulizunguka jua kama mbuzi waliokosa mchungaji. Waliosalia wakaishi juu ya vipande, kila kipande familia mbili tatu, wakirushiana kamba ili waweze kusalimiana. Na yale maji yaliyokuwa yanang'aa yaliganda, yakawa yanaelea huku na huko, mabonge kwa mabonge. Basi wakubwa wakayaona.

Kulikuwa na dola mbili. Ya kwanza ilikuwa kifungo cha shaba kutoka kwenye lile koti la jeshi. Ya pili, kifungo cha pembe. Dola ya Shaba ikasema Lulu ni yake, kwa sababu ndiyo iliyochora ramani yake. Dola ya Pembe ikasema ni yake, kwa sababu mabibi zao wamezikwa huko. Wakapeleka majeshi kwenye vyombo vya angani, wakawa wanapigana katikati ya vifusi.

"Na watu wa Lulu wenyewe?" niliuliza.

"Hao hakuna aliyewauliza, mwanangu."

Kwenye kipande kikubwa kuliko vyote alikaa bibi mmoja, Mama Kibatari. Kazi yake ilikuwa kuwasha taa ili vyombo visigonge vifusi. Shaba wakamwendea wakasema, zima taa Pembe wakipita. Pembe nao wakamwendea, zima taa Shaba wakipita. Akawajibu wote jibu moja: "Nyie nileteeni mafuta tu."

Hadithi ikaenea. Wanawake walikuja na viraka ambavyo wangeweza kushona wenyewe. Na kama ilivyo kwetu, hatukuweza kukaa bila upande. Waisiko, jirani yangu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisema siku ya kwanza tu, "Sisi watu wa ng'ombe ni wa Pembe. Hakuna mjadala."

"Basi mimi ni wa Shaba," akasema Agustina. "Vifungo vyao navisugua kila Jumapili kwenye sare ya mume wangu."

"Ndiyo maana mnapigwa. Mnang'aa, mnaonekana kutoka mbali!"

Siku Pembe walipopoteza vyombo kumi na viwili kwa asubuhi moja, Waisiko alisimama, akachukua sketi yake ikiwa na upindo nusu, akaenda nayo nyumbani. Alirudi siku ya tatu. Mama Rama alimpokea sketi. Alimalizia upindo, na hapo katikati Pembe wakapata vyombo vitano vilivyokuwa vimejificha nyuma ya jua.

Mwisho wa mwaka vita vya kweli vikaja, vita vya Kagera, na Ramadhan akaondoka na mgambo. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja aoe. Posa ilishapelekwa Mugumu. Kitambaa cha kanzu yake, bafta nyeupe, kilikuwa kimekunjwa kwenye sanduku chini ya meza, pamoja na uzi mweupe mzima kwenye kijiti chake, karatasi haijabanduliwa. Uzi huo aliununua Ramadhan mwenyewe Sirari kabla mpaka haujafungwa, akamletea mama yake akamwambia, huu ni wa kanzu yangu, usije ukashonea watu.

Januari barua ilifika. Mama Rama alinipa nimsomee, maana macho yake hayapendi mwandiko mdogo. Ramadhan aliandika kwamba ni mzima. Halafu akaandika: "Mama, kanzu usiikate bado. Nimekonda na mabega yamebadilika kwa kubeba mizigo. Nikija utanipima upya." Nilimsomea mara tatu. Akaikunja, akaiweka ndani ya bafta.

Baada ya hiyo hakuna barua nyingine iliyokuja.

Nilikuwa nakaa pale nikimnyonyesha Rhobi, na mtu anayenyonyesha huona mengi, kwa sababu mikono yake ina kazi na macho hayana. Niliona kwamba katika hadithi majeshi yote yana majemadari wenye majina, lakini hakuna askari hata mmoja mwenye jina. Siku moja Agustina aliuliza, "Wale askari vyombo vyao vikigonga vifusi, wanakufa wote?" Mama Rama akasimamisha mguu. "Uzi umekatika," akasema. Mimi nilikuwa nauona uzi. Ulikuwa mzima.

Uzi wenyewe ulikuwa unakwisha kweli. Duka la ushirika lilikuwa na viberiti na majembe, uzi hakuna. Mama Rama akabakiwa na wa rangi ya udongo, halafu wa kijani, halafu ikawa vipande vya kuungaunga. Mama Kibatari naye akaanza kupungukiwa mafuta. Taa ikawa ndogo. Askari wa Shaba na wa Pembe wakakwama gizani juu ya vipande, hawaoni njia ya kurudi kwao. Hapo ndipo hadithi ilipofika, na hapo uzi ukaisha kabisa.

Serikali ilitangaza vita vimekwisha. Watu wakaanza kurudi. Mwana wa Mzee Waitara alirudi, tukaenda kupiga vigelegele, na Mama Rama alikwenda akapiga kama sisi. Halafu akamwuliza yule kijana pembeni. Akasema Ramadhan walitengana naye Machi, hajui zaidi. Ikaja Julai, ikaja Agosti.

Wiki moja ya Agosti hiyo Mwalimu Nashoni, katibu wa kamati ya shule, alikuja barazani na vitambaa vya mashati ya shule chini ya kwapa. Alisimama akipangusa kofia ambayo haikuwa na vumbi.

"Shikamoo mama. Watoto arobaini hawana mashati. Nimesikia… wanasema una uzi mweupe."

"Marahaba. Upo."

"Sikulazimishi, mama."

"Najua, mwalimu. Acha vitambaa."

Alipoondoka tulibaki wawili na mtoto. Mama Rama akafungua sanduku, akatoa ule uzi. Akaushika, kidole gumba chake kikawa kinasugua ile karatasi pembeni, pale inapoanza kubanduka.

"Boke mwanangu," akasema, "mama mwenye akili angekwisha kuushona huu. Watoto wanakwenda shule vifua wazi, na mimi nimeficha uzi kwa ajili ya… Sijui kwa ajili ya nini."

"Kwa ajili ya kanzu," nikasema.

"Ndiyo. Kwa ajili ya kanzu." Hakuniangalia.

Niliona kwamba ile karatasi ikibanduka, jioni hiyo atakuwa ameshamzika mtoto wake, bila kaburi wala habari. Nikamwambia, "Mama, nipe mpaka keshokutwa. Usibandue."

Nyumbani nilikuwa na gauni langu jeupe la kipaimara. Nililileta kutoka Matongo nikisema Rhobi atalivaa. Nikakaa na wembe nikafumua upindo, halafu mikono, halafu ubavu, nikawa navuta uzi polepole usikatike na kuuviringisha kwenye gunzi. Waisiko alinikuta.

"Wewe, umerogwa? Gauni zima hili!"

Nikamweleza. Akaligeuzageuza lile gunzi. Halafu akasema, "Mwanamke we, uzi wa gauni ni wa nini? Twende kwenye mifuko ya unga."

Sikuwa najua. Mfuko wa unga wa ngano mdomo wake umeshonwa kwa mshono wa mnyororo. Ukipata ncha yake ya kweli unafumuka wote kwa mvuto mmoja, prrr, uzi mrefu kuliko baraza. Waisiko alijua kwa sababu ndugu yake anapika maandazi sokoni. Agustina akaleta mifuko kutoka kambi ya polisi. Keshokutwa yake tulifika barazani wanawake tisa, kila mmoja na gunzi lake lililonenepa kwa uzi.

Mama Rama alitazama yale magunzi mezani, kati ya vifungo. Akaushika wa kwangu, mwembamba kuliko yote, akajua umefumuliwa kwenye nguo. Akanitazama usoni, kisha akaurudisha ule mweupe sandukuni.

"Huu wa mifuko ni mnene," alisema. "Nitatia sindano kubwa. Mashati yatakuwa kama magunia."

"Watoto wenyewe ni kama magunia," akajibu Waisiko. "Haya, askari wamekwama gizani muda wote huu. Endesha!"

Akaendesha. Uzi ulikuwa na mafundo, na kila fundo likifika kwenye sindano cherehani inakwama na chombo kimoja kinagonga kifusi. Lakini taa iliwashwa. Mama Kibatari alikosa mafuta ya taa, akatia samli, na samli ilitoka kwa Pembe. Waisiko alitugeukia wote mmoja mmoja kuhakikisha tumesikia. Utambi ukatoka kwenye bendera ya Shaba, kwa hiyo Agustina naye alipata la kusema. Mwanga wa samli ni wa manjano na unanuka, alisema Mama Rama, lakini ulifika mbali, na wale waliokwama wakaanza kuuona, mmoja hapa, mmoja pale.

Ilikuwa siku ya nne ya mashati, karibu saa sita mchana. Mimi nilikaa nikiuelekea mlango wa barabara, Rhobi akinyonya. Nikaona mtu amesimama ng'ambo, chini ya mti wa mnyaa. Mwembamba, ana mfuko wa turubai begani, mguu mmoja ameupumzisha. Hakuwa anavuka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza. Nilipotaka kufungua mdomo akaweka kidole kwenye midomo yake.

Mama Rama alikuwa anasema, "…akapanda ule mteremko wa kipande kuelekea taa. Bibi akamwuliza, wewe ni wa Shaba au wa Pembe? Yule askari akasema…" Fundo likafika kwenye sindano. Cherehani ikakwama.

Yule mtu akavuka barabara.

"Shikamoo mama," akasema. "Nimekuja kupimwa."

Nilidhani atapiga kelele, au ataanguka. Hakufanya hivyo. Alisimama, akavuta tepu kutoka shingoni, akaenda nyuma yake, akampima mabega. Akampima mkono. Akazunguka akampima kifua. Hakuandika. Akarudi mabega akayapima tena, na mara ya tatu tepu ilianguka chini, akawa anampima kwa mikono tu. Hapo ndipo Waisiko alipopiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia Sirari.

Ramadhan alikuwa amelala hospitali kwa jeraha la paja, halafu homa. Barua aliandika tatu. "Hazijafika?" aliuliza, akishangaa, mdomo umejaa ugali wa Agustina. "Basi ziko njiani."

Alasiri ile ile Mama Rama alitoa bafta. Ilihitaji meza nzima, kwa hiyo akakusanya vifungo: lile jua jeusi, dunia zote tano, Shaba, Pembe, na vile vipande viwili vya Lulu, akavimimina vyote ndani ya kopo moja. Kisha akabandua karatasi ya uzi mweupe, polepole, akaiweka mfukoni.

Cherehani ikaanza kwenda. Tulisubiri. Mguu ulikuwa unakwenda, uzi unakwenda laini bila fundo, na yeye kimya. Haijawahi kutokea. Ramadhan alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma yake, kinywa wazi, na Rhobi wangu amelala kando yake.

Waisiko alivumilia mpaka mshono wa bega la pili. "Mama Rama," akanong'ona, "na yule askari pale kwenye taa? Alimjibu nini bibi?"

Mama Rama hakusimamisha mguu.

"Alisema ana njaa," akajibu. "Wacha ale kwanza."