Nilivyopiga kinanda cha roki Bofa huku mkono wa kushoto ukivukuta hewa

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Leo naleta kisa changu mwenyewe. Sitakitia chumvi. Pwani tunayo ya kutosha, na ndiyo iliyokula vinanda vyetu.

Anayeniona sasa, mzee wa kitambi na miwani, hawezi kuamini kwamba katikati ya miaka ya themanini nilikuwa mpiga kinanda wa bendi ya roki. Hata mke wangu huamini nusu.

Nilizaliwa Mambrui. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa shangazi yangu, Bi Zena, aliyekipigia kinanda kikundi cha wanawake harusini.

Kilikuwa kile cha mvukuto. Kisanduku cha mbao, unakaa nacho mkekani. Mkono wa kulia unabonyeza, wa kushoto unavukuta ubao ulio nyuma yake ili kukitia pumzi. Ukiacha kuvukuta, wimbo unakatika hapo hapo.

"Kipe pumzi, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Usikinyonge."

Sikuwahi kukinyonga. Utoto wangu wote mkono wa kushoto ulikwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Roki niliikuta chuoni Nairobi. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na kaseti za bendi za Ulaya, na humo kinanda kililia peke yake dakika nzima nzima, kama mtu anayetembea katika nyumba kubwa tupu akifungua mlango mmoja baada ya mwingine. Nililala nacho, nikaamka nacho. Shahada niliyosomea ni ya uchumi. Msiniulize swali lolote la uchumi.

Nilipomaliza, nikaingia bendi ya hoteli moja pale Bofa, ufukweni Kilifi. Kinanda kilikuwa cha umeme. Unabonyeza tu, kinalia.

Lakini mkono wangu haukuambiwa habari za umeme.

Siku ya kwanza ya mazoezi, wa kulia ulipiga vizuri sana. Wa kushoto ulikuwa hewani, nyuma ya kinanda, ukivukuta. Mimi sikuwa na habari. Juma, mpiga ngoma, akaacha kupiga.

"Yakhe, hiyo mishikaki yako haijaiva tu?"

Wakacheka mpaka mmoja akalala chini. Toka siku hiyo, nikianza tu, kuna mtu atauliza kama pilipili ipo.

Watalii walidhani ni mbwembwe za jukwaani. Meza moja ya wazee wa Kizungu ilikuwa ikipepea pamoja nami kila nikifika kwenye solo. Nami nikajiona nyota. Aibu iliyoje.

Kisha mpiga besi akahamia Mombasa. Kombe, mkubwa wa bendi, mtu wa Ganze asiyependa maneno mengi, akaniita pembeni.

"Besi naitaka kwenye huo mkono wako wa kushoto. Jumapili ya tatu nisikie. Ukishindwa, namleta mwingine, anayepiga kwa mikono miwili kama watu."

Nyumbani baba alikuwa ameshaniombea ukarani kwenye ofisi moja ya serikali. Meza ilikuwa ikinisubiri, na mihuri yake. Niliiota ile meza, wakuu.

Nikaanza mazoezi. Mkono ukigusa kinanda, unaiga tu anachofanya mwenzake wa kulia, kama kasuku. Nikiusahau kidogo, umeshaenda hewani. Wiki mbili zikapita hivyo.

Hapa nikiri jambo. Nina ugonjwa wa kutazama ndege, tangu wakati huo hadi leo. Jumatatu nikienda nyumbani, nilikuwa nikishuka basi Dabaso, nakwenda kukaa kwenye mikoko ya Mida maji yakiwa yametoka.

Jumatatu moja walikuwapo sululu, wale ndege wa midomo mirefu iliyopinda. Tope linang'aa kama kioo, mbingu imo ndani yake, nao wanatembea juu ya mawingu.

Miguu ilikwenda polepole. Moja, mbili. Moja, mbili. Mdomo nao ukidonoa upesi upesi, huku, kule, bila mpango. Miguu haikujali mdomo unafanya nini. Ilitembea tu.

Nikaweka vidole vya kushoto gotini. Moja, mbili. Vya kulia vikadonoa.

Sijui nilikaa muda gani. Maji yalirudi bila sauti, na nilipozinduka, viatu nilivyovivua vilikuwa vikielea.

Jumapili ya tatu, alasiri, kando ya bwawa la kuogelea, mkono wangu wa kushoto ulitembea. Wimbo mzima. Kombe hakugeuka, ila nilimwona akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Leo imeiva," akasema Juma.

Nikabaki Bofa misimu mitano.

Lakini kisa hakiishii hapo. Kesho ya Jumapili ile nilifika Mambrui. Vidole vya shangazi vilikuwa vimevimba viungo, habonyezi tena. Kinanda kilikuwa kimefunikwa leso.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nasikia Wazungu wakupigia makofi. Hebu nami nisikie."

Nikakaa mkekani. Nikaweka mikono, nikabonyeza.

Kimya.

Mikono yote miwili ilikuwa juu ya vibonyezo. Nikaurudisha wa kushoto nyuma, ukavukuta mara mbili, kisha ukateleza mbele tena kutafuta besi. Nikajaribu tena na tena. Mkono alioufunza yeye ulikuwa umebaki Bofa. Nilishindwa hata kuinua uso.

Shangazi aliutazama ule mkono. Akajikokota, akakaa upande wa pili, tukaelekeana, akatia kiganja kwenye ule ubao.

"Haya, piga. Pumzi nakutilia mimi."

Na kile kisanduku, kwa mara ya kwanza katika umri wake, kikatoa besi. Alifumba macho akivukuta. Nami nikasahau nilipo, nikakimbia na milango yangu ya Ulaya.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Mimi si umeme."

Funzo nililobaki nalo ni dogo: ukipata ustadi mpya, wahi nyumbani ukaone umeacha nini, angali yupo wa kukuvukutia.

Basi, wenye yao na wayaseme hapa chini. Nani mwingine mkono wake ulimsaliti? Na Juma, ikiwa umo humu, jitokeze. Nimeshaacha kupepea.