Kaburi Bila Simiti

Saa moja jioni huko Isinya, ploti ya mwisho kabla ya malisho ya kina Katoo iko kimya. Zamani saa hiyo ndipo redio ilipokuwa ikiwashwa. Ilining'inia kwenye nguzo ya ua, ndogo, imekazwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, na ndani yake mwanamke mwenye sauti ya baridi alisoma matangazo ya vifo kwa Kikuyu: fulani, mume wa fulani, baba ya fulani, atazikwa Jumatano nyumbani kwake. Wafanyakazi waliotoka kwenye mashamba ya maua walivuka barabara wakapita upande wa pili. Hawakuogopa wafu wa redioni. Waliona haya tu, maana mzee Njuguna alikuwa ameketi hapo kwenye kiti cha plastiki, akimsikilizisha mkewe, naye mkewe alikuwa ardhini.

Nyawira aliyapenda matangazo hayo. Alipokuwa hai, sufuria ingeweza kuungua, kuku wangeweza kulala nje, lakini hakuna aliyeruhusiwa kukohoa saa ile.

"Nikiyakosa," alikuwa akisema, "nitajuaje ni nani wa kusamehe?"

Njuguna alitoka Murang'a, upande wa juu, ambako shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa mpaka sehemu yake ikawa ya kukalia wala si ya kulimia. Alishuka Kitengela na lori la kabeji wakati mtaa wake wa Noonkopir ulikuwa safu ya vibanda vya mabati na vumbi. Akauza kabeji, kisha viazi, kisha akanunua ardhi Isinya kutoka kwa babake Katoo, Mmaasai wa boma la jirani. Siku hizo pundamilia walikuja kujikuna kwenye mawe ya mpaka. Nyawira alifuga kuku upande mmoja. Katikati ya ploti Njuguna hakupanda chochote, hata mti. Hapo palikuwa pa fleti. Kila mgeni alizungushwa kwenye ile nyasi tupu akaonyeshwa ngazi zitakapopita na maji yatakapoingia, na kila mgeni alitazama chini akiangalia asikanyage mavi ya ng'ombe.

Fleti hazikujengwa. Nyawira alikufa kwa presha, asubuhi, akiwa ameshika ndoo ya chakula cha kuku.

Kimani, kaka mkubwa wa Njuguna, alikuja na wazee wawili kutoka Murang'a kumchukua marehemu akazikwe nyumbani. Walikaa kwenye hema lililokodishwa, wakanywa chai ya msiba, na Kimani akasema lililomleta.

"Hapa si nyumbani, Njuguna. Hapa ni ploti. Mtu hazikwi kwa ploti."

"Ni ploti kwa sababu hakuna mtu amezikwa," Njuguna akamjibu. "Kaburi la kwanza ndilo linageuza ploti kuwa nyumbani. Nyawira ndiye atatufungulia."

Lilikuwa neno zuri. Wanawake wa kanisa walilipokea kwa wimbo, na Kimani akaweka kikombe chini. Nyawira akazikwa karibu na kona, mbali na zile fleti ambazo hazikuwapo. Watu walitarajia kwamba baada ya miezi kadhaa kaburi lingejengewa, litiwe simiti na vigae kama ilivyo desturi siku hizi. Njuguna aliacha udongo mtupu na msalaba wa mbao, ule ule wa siku ya mazishi wenye jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe.

Wote wanaonunua na kuuza ardhi kutoka Kitengela mpaka Kajiado wanajua jambo ambalo hakuna anayelisema msibani. Kaburi la simiti halitoki. Mnunuzi akiliona, anarudi kwenye gari lake. Msalaba wa mbao unang'oleka. Njuguna alikuwa amemwambia kakake kwamba hapa ni nyumbani milele, na wakati huo huo alikuwa ameacha mlango wazi kidogo, kwa kidole kimoja tu, ikitokea siku. Huenda hakujiambia hata yeye mwenyewe. Alisema tu kwamba Nyawira hakupenda kulemewa.

Kisha ikaja ile mvua kubwa. Udongo wa huko ni mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka mpaka mkono ukaingia, na wakati wa mvua huvimba na kutembea kama unga uliokandwa. Maji yalipita juu ya ploti siku nyingi. Banda la kuku likaanguka, ua ukalala, tuta la kaburi likasawazika na ardhi nyingine. Msalaba ulipatikana kwenye miiba ya boma la Katoo, pamoja na ndala na mtungi wa mtu. Njuguna aliuchukua, akaupangusa, akaurudisha mahali pake.

"Umejuaje ni hapo?" Katoo alimwuliza.

"Mtu hasahau mahali ameweka bibi yake."

Ni baada ya mvua hiyo ndipo alipoleta redio.

Watoto walikuwa wawili. Ciku aliishi Noonkopir, ghorofa ya tatu, na bintiye Shirleen. Irungu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kitengela, na duka lilikuwa linakufa. Akapatikana mtu aliyetaka ploti ile kwa ajili ya shule ya bweni, mradi pasiwe na kaburi. Irungu alimwendea babake mara nyingi, akakuta jibu ni lile lile.

"Nizikeni kando ya mama yenu. Halafu mfanye mnavyotaka."

"Baba, kaburi moja linahamishwa," Irungu alimwambia siku ya mwisho walipozungumza habari hiyo. "Makaburi mawili, hapo ni nyumbani. Nani atanunua nyumbani kwa watu?"

"Basi umeelewa," mzee akasema, akawasha redio.

Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, Ciku alisema wampeleke Baba pwani. Hajawahi kuiona bahari. Shirleen alikuwa amesoma shuleni kuhusu mji wa kale wa Gede, na alitaka kuuona kwa macho yake. Njuguna alishangaa kuona Irungu anafunga duka ili aje pia, lakini alifurahi. Alivaa koti lake la harusi za watu. Kabla ya kuondoka alimwomba Katoo amwashie Nyawira redio kila jioni.

Bahari aliitazama kidogo, akasema ni maji mengi yasiyonywewa. Lakini Gede ilimshika. Mji mzima ndani ya msitu. Kuta za mawe ya matumbawe zimesimama bila paa, mizizi imezikumbatia, na kima wameketi penye vizingiti kama wapangaji. Kiongozi aliyewatembeza, mtu wa huko huko, alisema nyumba hizi zimepewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake, kwa kuwa majina ya wenyewe hakuna ayajuaye. Hii ni Nyumba ya Mkasi. Ile ni Nyumba ya Kauri.

"Guka, yako wataiita nini?" Shirleen alimwuliza babu yake.

"Nyumba ya Betri Zimeisha."

Shirleen alicheka mpaka kima wakahama ukutani. Ciku hakucheka. Irungu alikuwa nyuma, akitazama simu yake.

Walichungulia kisima kilichokauka. Njuguna aliuliza watu walikwenda wapi.

"Wengine husema maji yalizama, baba, wengine husema ni vita," kiongozi akajibu. "Walihama. Hilo tu ndilo tulijualo kwa yakini."

"Na wafu wao?"

"Ndio hawa."

Walikuwa wamefika kwenye makaburi. Moja lilikuwa na mwaka uliochongwa kwenye jiwe, wa zaidi ya karne sita zilizopita. Njuguna alivua kofia. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa kaburi, akausukuma, kama mtu anavyomjaribu ng'ombe sokoni. Haukutikisika. Chokaa ilikuwa imebambuka sehemu kubwa, lakini mawe yalikuwa yameshikana. Mji ulikuwa umekwisha, paa zimekwisha, hata sababu ya kuondoka imesahaulika, na mtu huyu bado alikuwa mahali alipolazwa.

"Hawa hawakufikiria kuuza," Njuguna alisema.

Hakumwambia mtu yeyote hasa. Akaketi kwenye jiwe. Akasema, "Irungu. Uko na simiti dukani. Tukirudi nataka nimjengee mama yako. Na nafasi yangu uijengee pamoja, kabisa."

Irungu alifungua mdomo. Ciku akamtazama kakake, kisha akatazama chini, na hapo simu ya mzee ikalia mfukoni mwa koti. Njuguna huongea na simu kwa sauti kubwa na huiweka wazi wote wasikie, kwa sababu sikio moja limekufa.

"Sopa, Katoo!" akamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa. Njuguna, hapa kwako kuna watu wanachimba. Wako na karatasi ya serikali na jeneza jipya. Ni wewe umewatuma?"

Njuguna aliishusha simu. Alimtazama mwanawe. Kima mmoja alishuka akaiba ganda la ndizi karibu na kiatu chake, na hakuna aliyemfukuza.

"Baba," Irungu alisema, "ni kaburi zuri. La kulipia, Kajiado. Tungekuonyesha tukirudi. Tuliona ukiwa hapo utaumia."

"Ulijua?" mzee alimwuliza Ciku.

Ciku alikuwa analia. Shirleen alimtazama mamake kana kwamba amevaa nguo ya mtu mwingine.

"Katoo," Njuguna alisema polepole, "waambie waache. Waambie mwenyewe amekataa."

"Wameacha." Simu ilipiga kelele za upepo wa Isinya. "Wameacha wenyewe. Wanasema wamefika mpaka kwa udongo mgumu, ule haujawahi kuchimbwa na mtu. Njuguna, wanasema hakuna mtu huku chini."

Kiongozi alikuwa ameshasogea mbali, akijifanya anasoma kibao ambacho bila shaka alikijua kwa moyo.

"Wachimbe karibu na msalaba," Njuguna alisema.

"Ni hapo karibu na msalaba wamechimba. Pande zote."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee kweli. Hakumtukana Irungu. Labda kama angemtukana, mambo yangekuwa mepesi. Aliikata simu, akaishika kwa mikono miwili, na midomo yake ikawa inahesabu kitu: kona, ua uliolala, banda la kuku, mahali alipodhani banda la kuku lilikuwa.

"Redio," alisema. "Miaka hii yote nimekuwa nikiielekeza wapi?"

Walirudi siku iliyofuata. Njuguna hakuingia Kitengela. Alitaka apelekwe moja kwa moja Isinya, na alianza kuchimba akiwa na lile koti. Irungu alisimama kando muda mrefu, kisha akavua saa, akachukua jembe la pili. Katika majuma yaliyofuata, waliopita barabarani waliwaona baba na mwana kwenye ploti ile, hawasemezani, wanachimba. Walianza pale kona, wakafuata ulikopita ua wa zamani, wakageukia upande wa banda. Walipata bakuli la maji ya kuku. Wakapata kiatu kimoja cha mwanamke ambacho kiliwasimamisha siku nzima, mpaka Ciku alipokuja akasema si cha Mama, Mama hakuvaa kisigino. Wakapata betri, nyingi, ambazo mzee mwenyewe alikuwa akizifukia kila zilipoisha. Udongo mweusi hauweki alama. Ukichimbwa na kufungwa, ukinyeshewa na kupasuka mara kadhaa, hauonyeshi tena wapi palikuwa pazima na wapi palikuwa na kaburi.

Mwenye shule alikuja mara moja. Alisimamisha gari, akateremsha kioo, akaona mashimo na mitaro na marundo, na mzee mmoja aliyezama mpaka kifuani. Akapandisha kioo.

Mvua za Novemba zilijaza mashimo maji. Katoo aliwapitisha ng'ombe wake mbali, akihofia watavunjika miguu, lakini jioni alikuja kusimama kwenye ua.

"Sopa, Njuguna. Sisi wazee wetu hawakuzika. Waliacha mtu kwa nyasi wakaenda zao. Hakuna mtu alipotea."

"Epa," Njuguna alijibu kutoka shimoni. "Nyinyi mlikuwa na nyasi ya kutosha."

Redio hakuiwasha tena. Alisema si adabu kumsomea mtu vifo huku umemgeuzia mgongo.

Alikohoa Desemba yote. Januari alilazwa Kajiado, na huko, maji yakiwa kifuani, alimwambia Irungu neno moja tu lililoeleweka: kando. Irungu alisema ndiyo.

Kimani alikuja tena, naye sasa mzee sana, ameshikiliwa pande mbili. Alitazama ile ploti iliyochimbuliwa kama iliyopigwa bomu. Wengi walitegemea atasema maneno ya miaka ile. Aliuliza tu, "Kando ya nani?"

Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Irungu alisema wamzike katikati, pale pa fleti, kwa kuwa popote mama alipo, katikati hapawezi kuwa mbali sana naye. Kimani alifikiri, akaitikia kwa kichwa. Simiti ilitoka dukani kwa Irungu, mifuko ya mwisho. Aliichanganya mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akailainisha kwa mwiko mpaka giza likaingia na wageni wakaenda. Ciku aliichukua redio kwenda nayo Noonkopir. Iko kabatini, chini ya mashuka. Shirleen alipomwuliza kwa nini asiiache pale uani, alisema hajui aielekeze wapi.

Ploti haijauzwa. Njuguna yuko Isinya, katikati yake, chini ya simiti.