Kulipa kwa Urefu wa Kiko

Mama Okdan alikuwa na kisu cha kukatia tumbaku na alikuwa na ulimi, na watu wa soko la Lango la Magharibi mjini Daegu walibishana kipi kikali zaidi. Mjane, mfupi, mpana wa mabega, alikuwa ameuza tumbaku miaka kumi na mmoja kwenye kibanda kilichobanwa kati ya muuza vitambaa na muuza samaki wakavu. Mwenyewe hakuwahi kuvuta hata siku moja. "Moshi wa jiko unanitosha," alisema.

Mwaka 1907, siku chache baada ya sikukuu ya mwaka mpya, mji mzima ukawa na neno moja mdomoni: deni. Korea ilidaiwa na Japani won milioni kumi na tatu, na hazina ilikuwa tupu. Wakubwa wa mji wakaitisha mkutano. Wanaume wote waache tumbaku kwa miezi mitatu, wakasema, na zile sarafu ishirini za jeon ambazo mtu huzichoma kila mwezi azitoe, nchi ijikomboe. Watu walilia, wakapiga makofi, wengine wakavunja viko vyao hapohapo. Mama Okdan naye alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Asubuhi yake alifungua kibanda, akakaa, akakaa, jua likafika utosini. Hakuuza hata unyuzi mmoja.

Cheondol, mchukuzi wa mizigo, mteja wake wa kila siku, alipita upande wa pili akitafuna bua la mpunga.

"Wewe Cheondol! Leo unanipita kama mtu asiyenijua?"

"Usiniite, mama. Nikisikia hiyo harufu miguu inakuja yenyewe."

"Basi geuza pua."

"Pua nimeshaigeuza. Mdomo ndio unaniwasha!"

Wakacheka wote wawili. Lakini siku ya tisa Mama Okdan alikuwa amehama kwenye wali akahamia kwenye uji wa shayiri, tena mwepesi, na kicheko kilianza kumkauka.

Siku hiyo Bwana Gwak alipita sokoni akikusanya michango, karani wake nyuma na daftari. Huyu Bwana Gwak alikuwa na mashamba ya mpunga hadi ng'ambo ya mto. Jeon sitini kwa kila mwanamume, akatangaza, akainua sitini zake juu ili kila mtu azione. Cheondol akatoa ishirini za mwezi wa kwanza, zote sarafu ndogondogo, zimelowa jasho.

"Bwana mkubwa," Mama Okdan akaita, "na mimi je?"

"Wewe mwanamke, tena huvuti. Huhusiki, mama. Kaa kwa amani."

"Amani gani? Ninyi mmeacha moshi, mimi nimeacha wali!"

Soko likaangua kicheko. Bwana Gwak akakohoa. "Nyakati hizi kila mtu anaumia."

"Sawa, tuumie. Lakini mbona wewe na Cheondol mnaumia bei moja? Yeye anavuta vumbi la tumbaku, mimi ndiye ninayemuuzia. Kiko chake shubiri moja. Chako kirefu mpaka mtumishi ndiye anayekuwashia huko mbali! Kila mtu alipe kwa urefu wa kiko chake!"

"Kipimo ninacho!" akapaza sauti Mama Gapsun, muuza vitambaa, akiinua rula yake ya mbao.

Bwana Gwak akawa mwekundu usoni, akageuka, akaenda zake. Mtu yule angeweza kumng'oa Mama Okdan sokoni kwa neno moja.

Hakulisema. Siku ya gulio iliyofuata wachuuzi walikuwa wamekubaliana: shubiri moja, jeon ishirini kwa mwezi. Watu wakapanga foleni na viko mikononi. Waungwana watatu walileta viko vilivyokatwa kwa msumeno asubuhi ileile, unga wa mwanzi bado umeganda kwenye ncha, na soko likawazomea hadi wakaongeza pesa. Kisha akaja Bwana Gwak, akasimama nyuma ya Cheondol. Kiko chake kilikuwa kizima.

"Pima," alisema.

"Shubiri tano," akasema Mama Gapsun, sauti ndogo.

Akalipa za shubiri zote tano bila kukunja uso, kisha akamgeukia Mama Okdan. "Na wewe usiye na kiko?"

Mama Okdan akavua pete yake ya fedha, ya ndoa, akaiweka juu ya daftari. "Andika."

"Niandike Mama Okdan?" karani akauliza.

"Binti yangu Okdan ana kwake, atajiandikisha mwenyewe. Mimi andika jina langu, Jeomrye."

Hata Mama Gapsun, jirani wa miaka kumi na mmoja, hakuwahi kulisikia jina hilo. Bwana Gwak aliangalia mpaka karani alipomaliza kuliandika.

Wachuuzi walimbebea ushuru wa kibanda kwa miezi mitatu, wakagawana wenyewe kuulipa. Naye, akimkumbuka Cheondol na bua lake, akaanza kukaanga soya na kuwauzia wanaume ambao midomo iliwawasha. Ziligombaniwa.

Deni halikulipwa. Wajapani waliokuwa wameikaba nchi koo hawakutaka iachiwe, na michango ile ikazimwa kabla ya kufika popote. Watu walipomwambia Mama Okdan kwamba pete yake imepotea bure, alijibu, "Nimeivaa miaka ishirini na miwili, haikuwahi kunipikia wali," halafu akamgeukia mteja.

Miezi mitatu ilipokwisha, viko vilirudi, ingawa si vyote, na kibandani tumbaku na soya vikakaa pamoja. Mwezi wa nne alianza tena kulipa ushuru, akinung'unika kama wenzake wote.