Tulivyoisoma Taa ya Kambini

Wageni waliofika Kolwezi, mji wetu wa shaba, walizoea kulalamikia taa zetu. Jioni, kiwanda kilipoanza kuvuta umeme kwa nguvu zote, balbu za kambi ya wafanyakazi zilififia zikawa za njano kama kiini cha yai, na mgeni akauliza mbona giza. Sisi wanawake wa kambini tulimcheka. Kwetu taa hafifu ilikuwa habari njema: mitambo inafanya kazi, shaba inatoka, mwisho wa mwezi kutakuwa na unga, samaki na labda kitenge. Nilikuwa nimeolewa karibuni, na hilo lilinishangaza kuliko yote niliyoyakuta kule. Kwetu kaskazini hatukuwa na taa hata moja. Hapa watu walifurahi taa ikikaribia kuzimika.

Kisha kiwanda kikaanza kuugua. Kwanza vipuri havikuja, halafu mashine moja baada ya nyingine ikanyamaza. Mabwawa ya mto Lualaba yaliendelea kutoa umeme vilevile, ila mlaji wake mkubwa hakuwepo tena. Taa zetu zikawa nyeupe pe, zikaumiza macho, nyingine zikapasuka tukiwa mezani. Watoto wa shule walifurahi. Mishahara ikakatika.

Mimi ni mtu wa maswali, na mume wangu, karani wa ofisini, alikuwa ameshanichoka. Nilimuuliza: umeme ndio unaoleta utajiri, au utajiri ndio unaovuta umeme? Mbona umeme tunao wa kumwaga, na chumvi hatuna?

"Mama, kula kwanza, utauliza kisha," akanijibu.

Kwenye sahani kulikuwa na sombe, majani ya muhogo, isiyo na tone la mafuta. Nilikasirika, kwa sababu hilo halikuwa jibu.

Jirani yangu alijibu vizuri zaidi. Nyumba zetu zilikuwa pacha: ukuta mmoja, waya mmoja wa umeme. Nilimwita yaya, dada mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha maisha ya kambini. Mume wake alikuwa fundi wa umeme kule kiwandani.

"Courant iko sawa mvula, mudogo," aliniambia, yaani umeme ni kama mvua. "Hapa hatuna tena shamba ya kulima."

Babu zake walitoka Kasai, jimbo jingine, wakaletwa kuchimba shaba na kujenga reli. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi na hakuwahi kuvuka mpaka wa jimbo. Mwaka ule, ambao baadaye tuliuita wa kufukuzana, vijana wenyeji walianza kupita barabarani wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Nyumba zikavamiwa. Watu wengi walikuwa tayari wanalala stesheni na mafurushi yao, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Mume wa yaya alibahatika kupata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyetoka mashariki. Yaya akakataa katakata.

"Kule Kasai mi nitafika kwa nani? Sijue hata njia. Usine ikiamuka, bataita bwana yangu. Bila yeye, nani atawasha bile bimashine?"

Basi kila jioni aliitazama taa, akingoja kiwanda kiamke. Ikiwa nyeupe, alinuna na kwenda kulala bila kuniaga. Mumewe alifunga mizigo, yeye akaifungua.

Jioni ya mwisho kabla ya lori kuondoka, nilikuwa napika maharage wakati taa iliposhuka. Ilishuka kweli, ikawa na ule unjano wa zamani. Nikasikia vigelegele ng'ambo ya ukuta, kisha yaya akaingia bila kubisha hodi, analia na kucheka kwa pamoja.

"Umeona? Inaamuka! Mi nilikuambia! Hatuende tena fasi yoyote!"

Nikamkumbatia. Nilitaka iwe kweli kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini udadisi wangu haukutulia. Kiwanda kikianza kazi, king'ora hulia kwanza, na mimi sikuwa nimesikia kitu. Nikatoka nje. Katika kila dirisha la barabara yetu niliona wekundu mdogo. Makaa yalikuwa yamepanda bei, umeme haukuwa na mita, na kila nyumba ilikuwa imejitafutia resho, lile jiko dogo lenye waya unaowaka mwekundu. Mchana ule kampuni ilikuwa imegawa maharage badala ya mishahara. Kambi nzima ilikuwa inachemsha maharage kwa wakati mmoja.

Nikarudi ndani, nikazima resho yangu. Taa ikapanda kidogo. Yaya akaacha kucheka.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Ikashuka.

"Zima tena."

Nikazima. Ikapanda.

Akaketi. Nilijichukia kwa kuzima ile resho, na hata leo sijui kama nilitaka kumwokoa au nilitaka tu kujua.

"Juu ya nini ulinionyesha?" akauliza sababu.

"Yaya, camion inaenda asubui."

Aliitazama balbu, akajifuta uso kwa kanga yake.

"Haya. Washa, maharage yako isilale mubichi," akasema, akaenda. Usiku ule nilimsikia akiburuta masanduku upande wa pili.

Lori liliondoka na familia nne za barabara yetu. Siku zilizofuata wengine wakaondoka, wengi kwa miguu hadi stesheni. Mume wangu alisema waliobaki kiwandani sasa hawangeweza kukiwasha bila mafundi walioondoka, hata vipuri vingekuja. Niliwaza kwamba hilo, angalau, lilikuwa jibu la swali langu la umeme na utajiri, na sikulipenda.

Jioni moja nikawasha resho, nikainua macho kwa mazoea. Taa haikutikisika. Nikawasha na ile aliyoniachia yaya. Wapi! Ilibaki nyeupe, yenye nguvu, taa nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo kambini, kwa sababu hapakuwa na watu wa kupika. Nikauegemea ukuta wetu, nikaupiga ngumi, nikaita, "Yaya! Yaya!" nikijua hakuna mtu.