Siku Tuliyokataa Kufumba Macho

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Kitale, ninakouza mitumba, ukilishika koti langu kwa mikono ya chipsi utasikia maneno. Nyumbani ni kijijini, upande wa Bungoma, na huko pia sifa zangu wanazijua. Kwa hiyo usishangae nikisema haya yote yalianza kwa sababu nilikasirikia mfereji wa maji.

Mkaza mwanangu alikuwa na mimba ya kwanza, na mwanangu alimleta kwangu kijijini ajifungulie karibu nami. Zahanati yetu ilikuwa imejengewa wodi mpya ya kina mama. Ile ya zamani haikuwa na maji. Mwanamke akija kujifungua, jamaa zake walimfuata na mitungi kichwani, na wakati wa kiangazi wengine walikimbizwa hospitali ya Lugulu kwa bodaboda. Mdogo wangu alimpoteza mtoto kwenye safari ya namna hiyo. Wodi hii basi niliingojea kama nilivyomngojea mjukuu mwenyewe.

Siku chache kabla ya ufunguzi nilipita kuichungulia. Rangi nzuri, vigae vinang'aa. Nikaingia chumba cha kujifungulia, nikashika mfereji niufungue. Uling'oka ukabaki mkononi mwangu mzima mzima. Nyuma yake hapakuwa na bomba lolote, ni saruji na tundu la kuupachikia tu. Nikaurudisha ulivyokuwa, nikatoka nje kwa hasira.

Si kwamba hatukuwa tumeuliza. Kwenye kikao cha wananchi tuliambiwa mradi umekamilika. Ofisini kwa ofisa wa miradi tuliambiwa turudi kesho, na kesho ya ofisi kila mtu anaijua. Wodi ikishafunguliwa rasmi, mkandarasi analipwa malipo yake ya mwisho na kwenda zake, na hapo nani atamrudisha? Mkaza mwanangu alikuwa amebakiza mwezi mmoja.

Nilimkuta mchungaji wetu akipiga pasi kanzu yake. Alikuwa amealikwa kufungua shughuli kwa maombi, na sheikh wa msikiti wa sokoni aifunge kwa dua. Mchungaji wetu ni mtu mwema, lakini anapenda shughuli: kiti cha mbele, soda, kutajwa kwenye spika.

"Mchungaji, unaenda kuombea saruji?" nikamuuliza, nikamweleza nilichokiona.

"Mama, maombi hayakataliwi. Mungu huombwa popote."

"Basi mwombe hapa hapa nyumbani."

Hakupenda. Nilimsukuma kwa maneno hadi kwa sheikh, ambaye ana duka la nafaka kando ya msikiti. Sheikh alitusikiliza akiwa ameketi juu ya gunia la mahindi.

"Mchungaji," alisema, "hawa watu wametufanya muhuri wao. Tukishasema amina, nani atauliza tena? Akiuliza ataambiwa anapingana na Mungu."

Na yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza, maana karatasi za kiwanja cha madrasa zilikuwa mezani kwa ofisa yule yule. Mchungaji alichota maharagwe kiganjani, akayamwaga, akayachota tena. Mwishowe akasema sawa, hataomba, lakini matusi asisikie na mawe asione. Nadhani aliniangalia mimi.

Asiyekaa kwetu huenda asione uzito wa jambo hili. Kwetu mkutano hauanzi bila maombi, hata ule wa kugawana mbegu. Mchungaji asipokuwapo huitwa mzee yeyote, na mzee akikosekana huitwa mama yeyote. Bila mwombaji mtakaa hapo mpaka jua lizame. Basi Ijumaa msikitini na Jumapili kanisani neno likawa moja: twendeni wote, tuvae vizuri, ila tusiombee kazi ambayo haijaisha.

Siku ikafika. Hema, spika, ofisa na suti yake, mkandarasi na miwani ya jua. Mwendesha shughuli akamkaribisha mchungaji atuombee. Mchungaji alisimama, karatasi ya ratiba mkononi.

"Nitaomba nikiona maji," akasema, akakaa.

"Na mimi vile vile," akasema sheikh.

Mwendesha shughuli alicheka, akidhani ni utani. "Haya, mama yeyote basi. Si mko wengi, bana!" Kina mama tukatazama viatu vyetu. Mmoja akasema ana mafua.

Ofisa akanyakua kipaza sauti. "Ati watu wote hawa hakuna wa kuomba? Sawa, mimi nitaomba. Tufumbe macho."

Akafumba yake. Sisi hatukufumba. Hilo halikuwa limepangwa, naapa. Nyanya aliyekaa kando yangu, ambaye hufumba macho hata kwa kikombe cha chai, alikuwa ameyakodoa. Ofisa akashukuru kwa viongozi, akashukuru kwa maendeleo, akasema amina. Hakuna aliyeitikia. Alipofungua macho alitukuta tunamtazama, Wakristo kwa Waislamu. Nilimwonea huruma kidogo, jambo ambalo sikulitarajia.

"Sasa mnataka nini?" aliuliza, sauti imeshuka.

Nikasimama. "Twende ufungue mfereji, mkubwa."

Alikwenda, nasi nyuma yake, waliokosa nafasi wakichungulia madirishani. Mfereji ulimng'okea mkononi kama ulivyoning'okea mimi. Aliutazama, akamtazama mkandarasi, na mkandarasi akatazama simu yake. Hati ya kukabidhi jengo haikutiwa sahihi siku ile. Soda zilinywewa bila hotuba. Mimi nilikunywa mbili.

Wiki iliyofuata mkandarasi alirudi na mabomba. Mchungaji na sheikh waliweka viti vya plastiki kando ya mtaro, wakashika zamu kuangalia kazi. Zamu zilipokutana walibishana kuhusu mpira wa Uingereza mpaka fundi akawaomba wapunguze sauti. Nawapenda wazee wale. Karatasi za madrasa hazijatoka hadi leo. Juzi mchungaji alimsindikiza sheikh kuziulizia, wakaambiwa warudi Alhamisi, na Alhamisi tunakwenda nao sisi kina mama, wa kanisani na wa msikitini.

Mkaza mwanangu alijifungua asubuhi, msichana, mwenye sauti ya kuamsha soko. Mama na mtoto walikuwa salama. Muuguzi akanipa leso nikazisuuze, nikaenda nazo kwenye sinki na kufungua mfereji. Maji yalitoka kwa nguvu yakanirukia gauni. Nilisuuza leso zikatakata, lakini mfereji sikuufunga. Nilisimama nikiyatazama yale maji, nikimkumbuka mdogo wangu.

"Mama!" muuguzi alinikemea kutoka mlangoni. "Funga huo mfereji, unatumalizia maji!"

Nikaufunga, nikajifuta machozi kwa mkono uliolowa. Maishani mwangu sijawahi kugombezwa nikafurahi vile.