Dakika Mbili za Mkunga

Katika wodi ya wazazi, mkunga huyu alisifika kwa maneno machache. Asubuhi, zamu ya usiku ilipokabidhi kazi kwa zamu ya mchana, wenzake walizunguka mbuyu. Yeye alipita kitanda kwa kitanda: amejifungua salama, damu imekata, mtoto ananyonya. Basi. Matroni alimpendea hilo.

Sasa tabia hiyohiyo ilikuwa imemkaba koo. Hospitali moja ya ng'ambo ilimwekea nafasi, kwa sharti afaulu mtihani wa Kiingereza. Kusikiliza na kusoma alipita, kuandika alipita kwa kuchechemea. Kuzungumza kulikuwa kumemwangusha mara mbili. Akianguka tena, hospitali ilishamwambia, nafasi anapewa mwingine. Mumewe alitangulia huko, anabeba mizigo ghalani, na mtoto wao alikuwa anajifunza kutembea baba akimwona kwenye simu tu.

Aliyemfanyisha mazoezi ni wifi yake, msusi anayeweza kusimulia safari ya dukani mpaka kichwa cha mteja kiishe. Kiingereza cha wifi kilikuwa cha kuungaunga, lakini hakikukauka.

"Haya, eleza siku uliyomsaidia mtu. Dakika mbili kamili, kama mtihani unavyotaka."

Mkunga alieleza, kwa Kiingereza safi, akanyamaza.

Wifi akatazama saa ya simu. "Umemaliza? Mimi hata sijakaa vizuri!"

"Si nimesema yote?"

"Umesema mwanamke kaja, kazaa, kaenda. Alivaa nini? Mumewe alikuwa wapi?"

"Nguo sikuziangalia, wifi. Nilikuwa naangalia damu."

"Basi danganya! Wale si polisi."

Walicheka mpaka mtoto akashtuka. Jioni zote zilizofuata walitunga uongo: gauni la njano, mvua kubwa, mume aliyezimia mlangoni. Mkunga aliukariri wote.

Siku ya mtihani, chumba kilikuwa na meza, viti viwili na kinasa sauti. Mtahini, mama mwenye miwani, alimsogezea kadi. Eleza kuhusu mtu uliyemsaidia. Ni ileile! Mkunga akashusha pumzi, akaanza na mvua. Akafika kwenye gauni la njano. Hapo mwanamke wa kweli akamjia kichwani, midomo imepauka, anamshika mkono, na gauni likapotea. Ulimi ukafuata njia yake ya miaka yote: umri, uzazi wa ngapi, presha, kilichofanyika.

"Hali yake ni nzuri," akamaliza, akakunja mikono mapajani.

Mtahini alingoja. Mkunga naye akangoja. Wodini, kimya cha namna hiyo maana yake umeeleweka. Alipogundua kuwa anayengojwa ni yeye, alitafuta neno, lolote lile. Halikuja kwa Kiingereza, halikuja hata kwa lugha ya mama yake. Taa nyekundu ya kinasa sauti iliendelea kuwaka.

Nje, wifi alikuwa kwenye ngazi, mtoto mgongoni. Alimtazama usoni, akasogea kumpa nafasi ya kukaa. Simu ikalia. Ni mume.

"Vipi, mama? Imekuwaje?"

"Nimemaliza."

"Umeongea?"

"Nimeongea."

Mumewe akangoja aendelee. Mtoto alinyoosha mkono kuitaka simu.

"Haloo? Upo?"

"Nipo," alisema mkunga, akampa mtoto simu.