Magadi Kwenye Kabichi ya Mpolandi

Nilitia magadi kwenye kabichi ya mama mmoja wa Kipolandi, na nikatia mengi. Nakiri mapema kwa sababu hapa kwetu Engutoto habari hii husimuliwa vibaya na dada yangu, ambaye siku hiyo hata hakuwepo.

Duka la yule mama liko mitaa miwili kutoka kwetu. Kibao cha nje kina herufi nyingi kuliko zinazohitajika. Ndani kuna soseji zilizokaushwa kwa moshi, zinaning'inia kama mikanda, na chupa pana zenye vitu visivyotaka kutambuliwa. Jumamosi moja mama yangu alinichukua nimbebee mfuko. Mimi nilienda kama mpelelezi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Onja." Mwenye duka alikuwa ameshanikatia kipande cha soseji.

"Nyama ya nini?"

"Nguruwe."

"Mlikuwa mnafahamiana?"

Mama alinifinya mgongoni huku akimtabasamia mwenye duka.

Mama hakuwa na nafasi ya utani. Kabichi zake zilikuwa zimekomaa shambani Kikwe, na mnunuzi wake wa siku zote alikuwa amehamia kwa mkulima mwingine. Mpolandi alihitaji kabichi za kuchachusha, ila kwanza alitaka kujua anashughulika na watu gani. "Nunua vitu vyangu, pika," alimwambia mama. "Mchana nakuja kula, tutaongea." Basi tukabeba soseji, na mfuko wa kabichi iliyokwisha kuchachushwa, ya kupikwa nazo sufuria moja.

Nyumbani nilipofungua ule mfuko, nilirudi nyuma hatua mbili.

"Mama, hii imeoza. Huyu anatupima akili."

"Ndivyo ilivyo hiyo." Mama akaimimina kwenye sufuria pamoja na soseji, akaibandika jikoni. "Iache ichemke, mimi naenda kuoga. Usiguse kitu."

Nikabaki nayo, tunatazamana. Nikaonja. Ulimi ukajikunja, na hapo nikaona mpango mzima: mtu kabichi zimemwozea, anawauzia Waswahili, halafu mchana anapita kuangalia kama bado wanapumua. Kwetu mboga ikileta ukaidi dawa yake ni magadi, bibi hapiki kisamvu bila hayo. Nikatia kijiko kimoja.

Sufuria ikanguruma. Povu likapanda, likazifunika soseji, likamwagikia kwenye mkaa. Nikajua niko sahihi, maana chakula kizima hakifanyi hivyo. Nikatia kijiko cha pili, cha kuimaliza kabisa.

Saa saba mgeni akafika. Mama alipopakua ndipo alipoiona: kabichi imelainika kama uji, rangi kama maji ya kufulia. Hakuwa na kingine cha kuandaa. Mpolandi akatia mdomoni, akaacha kutafuna, akamtazama mama kwa jicho lile lile nililomtazamia yeye dukani.

"Nani amepika?"

Mama akaonja ya kwake. Akameza kwa shida.

"Mimi."

Nikamtazama. Nilijua nikinyamaza, kabichi zitaozea Kikwe na lawama itakuwa yake. Kunyamaza ninakuweza sana, waulize walimu wangu. Siku hiyo kukanishinda.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitia magadi. Nilidhani unataka kutuua."

"Magadi ni nini?"

Nikamletea kopo. Akanusa, akagusisha ulimi, akanusa tena, kama mtu anayetafuta sumu. Kisha akamgeukia mama.

"Kabichi zije Jumatatu," akasema. "Huyu abaki nyumbani."

Alipoondoka nilianza kuosha vyombo bila kutumwa, nikisubiri hukumu. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakupaza sauti.

"Wewe umesema kweli," akasema, "mimi nimedanganya mbele ya mgeni, na kesho zamu ya kusoma neno kanisani ni yangu. Hebu toka hapo jikoni, vyombo vya leo naosha mimi."